Andalio Hili Kaandika Nani?

Majirani zake wa Mbezi Beach, upande wa Tangi Bovu, humwita Mwalimu tu, ingawa alishika chaki kabla hajakanyaga chuo cha ualimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977, na walimu wa kuwafundisha hawakuwapo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa madarasa vijijini huku wakisomeshwa ualimu papo hapo: vijitabu vya masomo kwa njia ya posta, vipindi vya Redio Tanzania, mkufunzi aliyepita kituo kwa kituo, kisha muda mfupi wa chuoni. Yeye alikuwa na miaka 17. Walimu hao wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wametaniwa sana nchi hii, na mara nyingi kwa kuonewa.

Alijiendeleza hadi akawa mkufunzi. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kusahihisha maandalio ya somo ya wanachuo: jedwali la mahudhurio juu, kisha utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho, na chini kabisa tathmini. Yote kwa mkono, mistari imepigwa kwa rula.

Wanachuo hawakuwa malaika. Msimu wa mazoezi ya kufundisha ulipokaribia, madaftari ya waliotangulia yaliazimwa bweni hadi bweni. Wapo walioandika kwenye tathmini "somo limeeleweka kwa asilimia 80" usiku, kabla kipindi chenyewe hakijafundishwa. Mwalimu aliijua sentensi hiyo kwa sura na kuipigia mstari mwekundu. Hata hivyo, anayenakili kurasa nne kwa kalamu hubaki na kitu kichwani, apende asipende.

ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, alikuwa ameshastaafu. Habari ilimfikia kupitia binti wa kaka yake, anayesomea ualimu DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu kilichoanza 2005 pale pale kilipokuwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe, Temeke. Likizo moja binti alifika, akatoa shikamoo, akamwonyesha simu: andalio kamili, hatua zote, hata tathmini. Dakika moja haikuisha.

"Shangazi, si limetimia?"

Lilitimia kweli, na kwa unadhifu ambao wanachuo wengi wa zamani hawakuufikia. Mada ilikuwa rejesta, yaani lugha ya mahali au shughuli fulani, katika somo la Kiswahili la sekondari. Akili unde ilishauri wanafunzi wakae vikundi vya wannewanne, kila kikundi kiwasilishe kwa dakika mbili. Mwalimu akauliza darasa lina wanafunzi wangapi. Themanini. Vikundi 20 hivyo, dakika 40, na kipindi ndicho hicho kimekwisha bila mwalimu kusema neno. Kisha ukaja mfano wa lugha ya kwenye daladala: "Abiria wapendwa, naomba mnilipe nauli zenu." Shangazi alicheka hadi akavua miwani. Konda gani huyo? Wanafunzi wa Mbezi Beach wanapanda magari ambayo konda hugonga bodi na kupaza, "Makonde, shusha! Suka, twende!" Wangemzomea mwalimu wao.

Si kwamba mashine haina faida. Binti alipoieleza idadi ya wanafunzi, urefu wa kipindi na kwamba projekta hakuna, ilitoa mpango wa kukaa wawiliwawili kwenye dawati uliokuwa wa maana. Lakini ili ujue cha kuieleza, lazima uwe umelijua darasa, na hilo ndilo chuo kinapaswa kumpa mwanachuo. UNESCO ilipotoa mwongozo wake wa Septemba 2024 kuhusu akili unde kwa walimu, wenye stadi 15, ilianza na mtazamo unaomweka binadamu mbele. Kwa walio kazini, Tanzania tayari ina MEWAKA, mafunzo endelevu yanayowakutanisha walimu shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, pamoja na masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu pale Mikocheni. Jukwaa la kuzungumzia mambo haya lipo. Mwalimu anaona vikao hivyo vingefaa zaidi kama watu wangeleta maandalio yaliyotoka kwenye simu na kuyachambua hadharani, badala ya kila mmoja kuficha lake.

Binti alikwenda mazoezini na andalio lililokatwakatwa kwa kalamu ya shangazi yake, nafasi ya tathmini ikiwa tupu. Mtathmini kutoka chuoni alipofika, alikaa dawati la nyuma na wala hakuanza na faili la maandalio kama ilivyokuwa desturi. Aliomba madaftari matatu ya wanafunzi, akayasoma, na kipindi kilipokwisha akamweka binti nje ya darasa robo saa akimhoji kwa nini alianza na konda, na angefanya nini kama darasa lingekuwa la watoto wasiopanda daladala.