Nta ya gari na baridi ya Eldoret

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumzie rangi ya gari.

Ushauri mwingi ulioko kwenye intaneti umeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani: theluji, na chumvi inayomwagwa barabarani. Sisi wa Eldoret hatuna hayo. Tuna mvua na baridi ya Julai na Agosti, tope jekundu, na jua.

Ndiyo, jua! Mji huu uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, tena karibu na ikweta. Kila ukipanda mita 1,000, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa kama asilimia 10. Asubuhi unavaa sweta, saa sita mchana boneti inaungua.

Rangi ya gari ni tabaka kadhaa: praima, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia. Klia ni nyembamba kuliko unywele. Ikianza kubabuka, nta haitaiponya, ni kupulizia upya. Gari langu ni la mtumba kutoka Japani na mkopo wake bado naulipa. Siku nikiliuza, mnunuzi ataona boneti kabla hajasikia injini.

Nta haizuii jua lote, msidanganywe. Kazi yake kubwa ni kuchakaa badala ya klia. Tope letu lina chembe ngumu, na ukilisugua unachora mikwaruzo. Gari lenye nta huachia tope kwa maji tu, bila kusuguliwa sana.

Msimu huu mimi hufanya hivi:

1. Namwaga maji mengi kwanza, ndipo nashika kitambaa.
2. Situmii sabuni ya unga ya kufulia, kwani huondoa nta. Natumia shampuu ya magari.
3. Nakausha kabisa, hata kwenye vishikio vya milango. Nta haishiki vizuri penye unyevu.
4. Napaka kivulini baada ya umande kukauka, kama saa nne hivi. Baridi huchelewesha nta kukauka, kwa hiyo napaka nyembamba, sehemu moja baada ya nyingine.

Utajuaje nta imekwisha? Mwagia maji. Yakijikusanya kama matone, bado ipo. Yakitandaa, paka tena.

Kopo moja hudumu miezi mingi. Kulinganisha na bei ya kupulizia boneti upya, hesabu hiyo haihitaji kompyuta.

Haya, wiki ijayo turudi kwenye programu.