Ngoliba: Mchuzi usioonja moto

Ukitoka mjini Thika kwa barabara ya Garissa, utapita kwanza mashamba ya mananasi yaliyopangwa mistari kama nywele zilizosukwa. Halafu hewa hubadilika. Ile baridi ya Kiambu ya majani chai na kahawa huachwa nyuma, ardhi inakuwa tambarare na kavu, miembe inajitokeza mabomani, na upande wa kulia unasimama mlima Kilimambogo. Wamaasai huuita Ol Donyo Sabuk. Una urefu wa mita 2,145, na tangu mwaka 1967 umekuwa mbuga ya taifa inayohifadhi mbogo waliompa jina.

Karibu na hapo ndipo ilipo Ngoliba, pembe ya Kaunti ya Kiambu ambayo wengi wetu wa mjini huipita bila kujua. Ni mpakani hasa. Ng'ambo ya mto Athi ni Machakos, na sokoni utasikia Kikuyu na Kikamba vikisemwa pamoja, huku Kiswahili kikiwa katikati kama mshenga. Mvua hapa ni haba. Mkulima anayetaka kuvuna mboga mwaka mzima lazima atafute maji, na anayeyapata hulima nyanya, vitunguu, pilipili hoho, karoti na dania, ambazo kesho yake huwa Thika, Ruiru na Nairobi.

Jumapili hii, mpenzi msomaji, tumechagua Ngoliba kwa sababu ya mapishi, ingawa mboga zenyewe hazipikwi. Ni mchuzi wa bizari wa mboga mbichi. Kila kinachoingia ndani yake kinaweza kupatikana katika soko la mashambani kama hili, isipokuwa bizari yenyewe, ambayo utaipata dukani.

Binamu wa kachumbari

Usishtuke ukisikia mchuzi wa mboga mbichi ukadhani ni mambo ya wageni. Sisi sote tumekula kachumbari. Jina hilo limetoka Bara Hindi, kama chapati, na mlo wenyewe umezoeleka hivi kwamba hakuna nyama choma isiyoandamana nao. Viungo vya mchuzi vilijulikana pwani karne nyingi kabla ya reli. Lakini ilipojengwa reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na maduka ya Wahindi yakaifuata reli bara. Thika ilifikiwa na reli mwaka 1913. Ndiyo maana hata nyumba ya mashambani isiyo na friji huwa na kopo la unga wa bizari juu ya rafu.

Mchuzi huu basi ni binamu wa kachumbari. Tofauti ni kwamba mboga hupondwa badala ya kukatwakatwa, na bizari hutiwa ndani.

Jinsi ya kuutengeneza

Kwa watu wanne, chukua nyanya nne zilizoiva sana, kitunguu kimoja kidogo, karoti moja, nusu ya pilipili hoho, punje mbili za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kama ncha ya kidole gumba, na parachichi nusu. Ongeza ndimu moja, dania kiasi cha kujaza kiganja, na pilipili kali ukipenda. Katika viungo vikavu, tayarisha kijiko kimoja cha chai cha unga wa bizari, robo kijiko cha manjano, na pilipili manga kidogo.

Anza na kitunguu. Kikate vipande vyembamba, kisugue kwa chumvi, kiache dakika kumi kisha ukioshe na kukikamua. Wapishi wa pwani hufanya hivi kuondoa ukali, ule unaobaki kinywani hadi jioni.

Nyanya zimwagie maji yanayochemka, uhesabu hadi 30, kisha uzimenye. Hazitakuwa zimeiva kwa moto, ila ganda litatoka lenyewe. Karoti imenye na kuikuna. Halafu twanga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili kwenye kinu, uongeze kitunguu, karoti na hoho, na mwisho nyanya. Mwenye blenda aitumie, lakini asiizungushe mpaka ikawa maji. Mchuzi mzuri huonekana mboga zake.

Bizari usiitie ikiwa mbichi. Unga wa bizari usioguswa na moto huwa mchungu na huacha ladha ya vumbi mdomoni. Iweke pamoja na manjano katika kikaango kikavu juu ya moto mdogo kwa nusu dakika, ukikoroga, mpaka harufu ipande. Ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya kula, epua, iache ipoe, kisha uimimine juu ya mboga. Mafuta hubeba harufu ya viungo na kuisambaza.

Sasa ponda parachichi, au avokado kama wengi wetu tunavyoliita, ulichanganye ndani. Hilo ndilo linalofanya mchuzi uwe mzito bila nazi wala unga. Kamulia ndimu, tia chumvi na dania, ufunike dakika 20 ili ladha zizoeane. Unafaa kwa chapati, kwa githeri, na kwa muthokoi wa Wakamba wa ng'ambo ya mto. Uliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu chakula kibichi kilichopondwa hakilali salama mezani.

Faida yake ipo. Vitamini C huharibiwa na moto, na hapa hubaki. Hata hivyo hatutadai kuwa mbichi hushinda iliyopikwa katika kila jambo. Ile rangi nyekundu ya nyanya, ambayo wataalamu wa lishe huisifu, mwili huipata vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta. Mle vyote viwili kwa zamu.

Moto ulikuwa ukitufichia mengi

Hapa ndipo tunaporudi mtoni. Mchuzi unaochemka jikoni kwa nusu saa husamehe makosa mengi ya shambani, sokoni na njiani. Mchuzi mbichi hausamehi. Anayeula anakula pia maji ambayo mboga ilinyweshwa.

Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, katika kaunti hii hii ya Kiambu. Hutoka ukiwa mwembamba, ukapita jijini katikati ya karakana, viwanda na mitaa ya mabanda isiyo na mabomba ya kutosha ya maji machafu. Ukifika Ruai hupokea maji kutoka mabwawa ya Dandora ya kusafishia majitaka ya jiji. Kisha hujiunga na Athi, na maji hayo huja kuanguka Fourteen Falls, chini ya Kilimambogo. Familia nyingi za mjini zimepiga picha hapo. Maporomoko ni mazuri kweli, lakini siku nyingine yana povu jeupe kama la sabuni, na chupa za plastiki zimekwama miambani. Kutoka hapo mto huendelea mpaka unaitwa Galana na Sabaki na kumwagika baharini karibu na Malindi.

Njiani kuna mashamba, na pampu ya mkulima haichagui. Ikivuta maji yenye kinyesi yakamwagwa juu ya majani ya dania, viini vya homa ya matumbo, amiba na kipindupindu vinaweza kusafiri na fungu hilo hadi sahani yako. Hili si jambo la kubuni vitisho. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulihusishwa mwanzoni na sherehe ya arusi Limuru, na ukaenea hadi kaunti nyingi.

Si haki kumtupia mkulima wa Ngoliba lawama. Yeye hakuuchafua mto. Sisi tulio juu yake, Kikuyu mpaka Ruai, ndio tuliomtumia uchafu huo, naye ana watoto wa kusomesha na mvua isiyonyesha. Isitoshe, wapo wanaotumia visima, vidimbwi vya mvua na vijito visivyopita jijini.

Jambo la kutafakari ni hili. Katika eneo la Thika hulimwa maharagwe ya Kifaransa, ambayo wakulima huyaita mishiri, kwa ajili ya soko la Ulaya. Mnunuzi wa huko hutaka kujua maji yalitoka wapi na kama yamepimwa, dawa gani ilipulizwa na lini, na kama wavunaji wana choo na mahali pa kunawa. Masharti hayo yalianza kuwekwa pamoja na maduka makubwa ya Ulaya mwaka 1997. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa kipimo mwaka 1989: maji ya kunyunyizia mboga zinazoliwa mbichi yasizidi viini 1,000 vya kinyesi katika mililita 100. Lakini nyanya inayopelekwa Githurai au Gikomba, nani huiuliza swali? Haragwe la mgeni lina cheti, na dania ya mtoto wetu haina.

Unachoweza kufanya

Kwanza, uliza. Mwambie muuzaji wako kwa upole, "Mama, hizi zimenyweshwa maji ya wapi?" Huenda akacheka na kusema, "Kastama wangu, mboga ni mboga." Muulize tena wiki ijayo. Akiulizwa na wateja kumi, naye atamwuliza anayemletea.

Pili, osha kwa utaratibu. Suuza mboga kwa maji yanayotiririka, ukiisugua kila moja. Mboga za majani zitenganishe jani kwa jani, kwa maana dania hukua karibu na udongo na mikunjo yake huficha mengi. Kisha ziloweke katika maji yaliyotiwa dawa ya klorini ya kusafishia maji ya kunywa, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa, na umalizie kwa kusuuza na maji yaliyochemshwa yakapoa. Chumvi na siki husaidia kiasi, lakini zisikupe imani ya bure. Sabuni ya vyombo usiitumie.

Tatu, kinachomenyeka kimenye. Na kama hujui mboga ilikotoka, au nyumbani kuna mtoto mchanga, mama mjamzito au mgonjwa, utie mchuzi huo sufuriani uchemke. Utakuwa mtamu vilevile.

Nne ni la mtoni. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, alionyesha kwamba kingo za mto Nairobi zinaweza kusafishwa, na mwaka 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi. Kazi bado ni kubwa. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wangeweza kufanya zoezi jepesi na walimu wao: kuchukua ramani na kufuatilia maji ya mtaro ulio nje ya shule yao yanakwenda mto gani, na ni mashamba gani yaliyo mbele yake.

Mkienda Fourteen Falls kutembea, ingieni na Ngoliba. Nunueni nyanya na maembe wakati wa msimu, mzungumze na wanaozilima, mwaulize kuhusu maji na bei na mvua. Na mkifika nyumbani, kabla ya kutoa kinu, wekeni maji jikoni yachemke.