Safari ya Idjwi: mkoba mmoja, pesa za watu kumi na mmoja



Likizo kubwa inakaribia. Watoto wakishapata matokeo yao mwezi wa saba, wengi wetu tutafunga mizigo: wengine kwenda kijijini kwa bibi, wengine kutembelea dada, wengine kupumzika tu baada ya mwaka mzima wa soko, shamba na minervali. Wiki hii tunawasimulia safari yetu ya Idjwi, kwa sababu tulirudi na furaha, na pia tulirudi na somo ambalo tulililipia.

Kwa wasiofika bado: Idjwi ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa Kivu. Kaskazini ni Rubenga, kusini ni Ntambuka, na ukipanda boti kutoka Bukavu unakiona mbele yako kama mlima uliolala majini. Kuna migomba, kahawa, na mananasi matamu ambayo harufu yake inakupokea kabla ya wenyeji. Asubuhi wavuvi wanarudi na sambaza. Samaki hao wadogo hawakuwa wa ziwa letu zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo, ni mama gani wa Kivu asiyejua kuwakaanga?

Mara ya kwanza tulikuwa akina mama 11 na watoto 6. Kila mama alikuwa ametoa dola 15 za chakula na nauli ya kurudi, jumla dola 165. Zote tuliziweka katika mkoba wa mweka hazina wetu, kwa sababu ni mtu mwaminifu. Hakuna aliyeuangalia mkoba wenyewe.

Bandarini kulikuwa na msukumano. Vijana wa kubeba mizigo walikuwa wanashika valizi zetu hata kabla ya kupatana bei. Mtoto analia, mwenye boti anaita, ubao wa kupandia ni mwembamba. Mikono yetu yote ilikuwa kwa watoto, na mkoba ulikuwa mgongoni.

Tulipokuwa mbali na nchi kavu, mweka hazina alitaka kuwanunulia watoto maandazi. Alitia mkono ndani ya mkoba, na vidole vikatokea upande wa pili. Ulikuwa umechanwa kwa wembe, chini, karibu na mshono. Hakusema neno. Alifunga zipu, akawaambia watoto watakula wakifika.

Siku nzima alikaa na siri hiyo. Jioni wenyeji wetu walitupikia bugali na sambaza, lakini yeye hakula. Usiku tukaanza kunong'onezana: mbona anakwepa habari ya pesa? Tunaona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwizi alikuwa amekwenda zake, na sisi tulikuwa tunamtafuta kati yetu.

Asubuhi alileta mkoba, akauweka katikati ya mkeka, akatuonyesha pale palipochanwa, akalia. Mama aliye mzee kuliko sisi sote akasema: «Si yeye aliyepoteza. Sisi ndio tulimbebesha mtu mmoja mzigo wa watu kumi na mmoja.»

Tulirudi nyumbani kwa mkopo. Akina mama wa kisiwani walitoa pesa katika sanduku la kikundi chao, nasi tuliwalipa kidogo kidogo kwa miezi miwili. Lakini kilichotuuma zaidi si zile dola. Ni ule usiku ambao mwenzetu alilala akituogopa sisi kuliko mwizi.

Mwaka uliofuata tulirudi Idjwi. Haya ndiyo tuliyobadilisha.

Kabla ya kuondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunaandika kila mzigo na mwenye nao. Kila mama anabeba pesa zake, na anazigawa sehemu tatu: nauli ya kurudi katika mfuko ulioshonwa ndani ya sketi ya chini, akiba katika simu, na franka chache za njiani, za maandazi na pikipiki, peke yake, ili mtu asifungue akiba mbele za watu. Namba ya siri ya simu isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Namba za mume, dada na mwenyeji ziandikwe kwenye karatasi, maana simu ikiibiwa, ni wangapi kati yetu wanaozikumbuka kwa kichwa? Fotokopi ya kadi ya mpiga kura ibaki nyumbani. Jirani mmoja mwaminifu ajue siku tutakayorudi, na picha za safari tuzitume kwenye simu za watu baada ya kurudi, ili wezi wasijue kwamba nyumba haina mtu.

Bandarini. Tunafika mapema, kabla ya msukumano. Tunapatana bei na mbebaji mmoja, si wanne. Mama wawili wanakaa na mizigo na hawana kazi nyingine. Mkoba unakaa mbele, chini ya kitenge.

Botini. Jile kwanza, mizigo baadaye. Boti ikijaa kupita kiasi, tunangoja nyingine. Valizi inanunuliwa tena, mtoto hanunuliwi. Kila mtoto ana karatasi yenye namba ya simu mfukoni, na hapokei biskuti wala juisi kwa mtu asiyemjua.

Sokoni. Tulipokuwa tunanunua mananasi, kijana mdogo alikamatwa mkono ukiwa ndani ya kikapu chetu. Mtu akapiga kelele «Mwizi!», na watu wakaanza kuokota mawe. Tulimzunguka yule mtoto, tukasimama hapo mpaka chifu wa kijiji alipokuja. Hakuwa na umri zaidi ya watoto wetu tulioacha nyumbani. Tangu siku hiyo tunasema: kufunga kikapu vizuri kunalinda pesa zetu, na kunalinda pia mtoto wa mwenzetu.

Na kanuni ya mwisho, ambayo kwetu ni ya kwanza: anayeibiwa aseme saa ileile. Akisema mapema, simu inafungwa, boti inaweza kungojwa, mwenyeji anapewa habari, na kikundi kinapanga namna ya kurudi. Nasi tumekubaliana kwamba hakuna atakayemwuliza kwanza, «Ulikuwa unaangalia wapi?» Swali la kwanza ni, «Umeumia?»

Mweka hazina wetu bado ni yule yule. Safari ya pili ndiye aliyetushonea mifuko yote kumi na mmoja, na hakuna hata franka moja iliyopotea. Katika mkutano wa Jumamosi atatuonyesha namna ya kuishona. Leteni sketi ya chini, kipande cha kitambaa kigumu, sindano na uzi.

Likizo njema, na safari salama.