Wazee wa Kimanga na Kazi ya Mikono Yao

Mji wa Uvira ni mrefu na mwembamba. Magharibi milima ya Mitumba imesimama kama ukuta; mashariki maji ya ziwa Tanganyika yafika karibu na milango ya watu. Hapo kati ndipo ulipo mtaa wa Kimanga. Mgeni atakaye kuujua na aamke alfajiri, ashuke mwambaoni wakati mitumbwi inaporudi. Wavuvi hukesha majini na taa zao usiku usio na mbalamwezi, na jua likichomoza ndagala huanikwa wakauke.

Tulipopita huko, vijana walikuwa wakivuta mitumbwi kwa nyimbo. Lakini waliotushangaza ni wazee. Mzee mmoja mwenye mvi aliketi mchangani, wavu magotini, akiziba matundu moja moja na kuwatania vijana. Karibu naye bibi mmoja aliinama na kuinuka, akigeuza ndagala na kufukuza kuku. Tulimwuliza kwa nini hapumziki. Akacheka, akajibu: "Wanangu, nikikaa tu, magoti yatasahau kazi yao."

Tukapanda mtaani. Katika ua mmoja tuliona jambo jingine. Baba mzee alikuwa amekalishwa kitini tangu asubuhi. Maji aliletewa, chakula aliletewa, hata jembe lake lilifichwa asije akahangaika. Watoto wake si wabaya, walitaka kumheshimu. Ila heshima ya namna hiyo yaweza kumdhuru mzee.

Sababu yake ni hii. Nguvu za misuli hupungua kwa umri, nazo hupungua upesi zaidi zisipotumiwa. Miguu ikilegea, mzee huanguka. Akiisha kuanguka, huogopa kutembea. Na kadiri anavyokaa ndivyo anavyozidi kulegea. Moyo nao wataka kazi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alitangaza uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa, waliugua moyo kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba wenye miaka 65 na zaidi wajitahidi kutembea au kufanya kazi ya kiasi dakika 150 kwa juma angalau, ndiyo nusu saa kwa siku tano; tena siku tatu wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Mgonjwa na aulize kwanza kwa mganga.

Tusikosee lakini. Bibi anayebeba mzigo wa kuni mlimani kwa kuwa hana wa kumsaidia, huyo ameonewa. Tunalosifu ni kazi ya kiasi, inayofanywa kwa hiari, katikati ya watu. Maana upweke nao hudhoofisha. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira. Mzee anayehamishwa na maafa kama hayo hupoteza zaidi ya nyumba: hupoteza jirani wa kuongea naye, shamba dogo, na njia aliyoizoea kwenda kanisani. Huyo hasa asiachwe pembeni.

Sisi Wakristu tunao mfano. Mwinjili Luka ametuandikia habari za Ana, mjane wa miaka 84, aliyedumu Hekaluni katika sala na kufunga, kisha akawaeleza watu habari za Mtoto Yesu. Uzee wake ulikuwa na kazi. Papa Fransisko naye aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Dominika ya nne ya Julai.

Basi, enyi vijana na wanafunzi, msimnyang'anye babu jembe lake. Mpeni jembe jepesi na shamba la karibu. Bibi akichambua sombe, kaeni naye mchambue pamoja, mkamwulize habari za kale. Jumapili msimwache nyumbani kwa kuwa anatembea polepole. Ondokeni mapema, mshikeni mkono, mtembee mwendo wake hata mlango wa kanisa.