Kibao cha Kusomea: Nunua Kulingana na Siti Yako!

Gongo la Mboto hadi mjini si mbali kihivyo, ila Barabara ya Nyerere ina mambo yake. Mombasa foleni, Banana foleni, Uwanja wa Ndege mnatazama wenzenu wakipaa na nyie mmekaa! Daraja la juu la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa mwaka 2018, likasaidia, lakini asubuhi ni asubuhi. Kufika Kamata, jirani yako keshasinzia mara mbili.

Muda wote huo, msomaji, ungeweza kumaliza sura nzima ya kitabu. Gazeti ukilikunjua kwenye Kosta iliyojaa unampiga mtu kiwiko (na bado atakusomea bure). Simu ukiishika dirishani, vibaka wa foleni wanakushukuru. Ndiyo maana wapo wanaoulizia vile vibao vya kusomea vitabu, akina Kindle na Kobo. Tatizo ni kipi ununue.

Kioo chake si kama cha simu. Ndani mna chembe ndogo nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme. Zikishatulia hubaki hapo hapo, chaji hailiwi ovyo mpaka ufunue ukurasa mwingine, kwa hiyo betri inakwenda wiki kadhaa. Jua la saa tisa likipiga dirishani unaona vizuri zaidi, kama karatasi vile, wakati simu imegeuka kioo cha kujitazamia. Wa kurudi usiku ahakikishe kina taa yake.

Sasa jiulize wewe ni abiria wa aina gani. Kama ni wa kugeuza na gari ili upate siti, Kindle ndogo ya mwaka 2024 inakutosha: inchi 6, gramu 158, ilitoka Marekani kwa dola 110. Lakini kama wewe ni wa kusimama, mkono mmoja uko kwenye bomba na mwingine umeshika kibao, konda anapiga kelele "nyuma kweupe, sogea!" Ukiteleza kidole kwenye kioo, kurasa tatu zimekwenda. Hapo tafuta chenye vitufe pembeni, kama Kobo Libra Colour, inchi 7. Ni kizito kidogo, kama gramu 200, nacho mwaka huo huo kilitoka kwa dola 220. Kwa bei hiyo mwenzangu lazima ujipange!

Na usicheze na kava. Vibao vingi, chini ya kile kioo mna kingine chembamba mno. Begi likibanwa kati ya migongo miwili kinapasuka kimyakimya. Nje huoni ufa, ukiwasha nusu ya ukurasa imeganda.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Sisi wa Kiswahili hadithi nyingi tunazipata kwa PDF, kurasa zilizopigwa picha na kurushiana WhatsApp. Kwenye inchi 6 ukurasa huo unakuwa kundi la sisimizi, na herufi hazikuzwi kama za kitabu cha EPUB. Kwa hiyo anayesoma Kiswahili zaidi asidanganyike na udogo, inchi 7 ndiyo ya kuanzia. EPUB yenyewe Kobo inaisoma ukiiingiza kwa waya tu. Kindle inaipokea tangu 2022, ila kwanza ipite kwa Amazon kwenye intaneti. Yaani bando tena!

Ukipata cha mkononi, mwenye nacho akitoe kwenye akaunti yake mbele ya macho yako, ndipo pesa itoke mfukoni. Funua na kurasa kumi hivi, uone kama kuna mistari isiyofutika.

Wenzetu wa Kigamboni, baada ya daladala bado mnaingia kwenye pantoni. Mvua ya ghafla ikiwakuta kwenye sitaha, Kindle ndogo haina kinga ya maji. Paperwhite na Libra wanayo, lakini matone nayo yanagusa kioo, kitabu kinajifunua chenyewe utadhani kina jini! Vitufe tena vinaokoa. Na mkikaribia ng'ambo, bodaboda zikianza kunguruma, kifungeni. Hawasubiri mtu amalize sura.