Amplifaya ya sebuleni: usidanganywe na namba kubwa

Tangu niolewe nikahamia Tunduma, mbali na bahari na mbali na mama, sebule yangu ni Qur'ani alfajiri, kaswida mchana, na filamu usiku na mume wangu. Amplifaya nikainunua kwa pesa ya mahari yangu, kwa hiyo niliichagua kwa makini.

Mabibi harusi, boksi likiandikwa wati 3,000 za PMPO, hicho ni kishindo cha kufumba na kufumbua tu. Ulizeni wati za RMS, nguvu ambayo mashine inaitoa muda wote. Sebule ya kawaida, wati 30 hadi 50 kwa kila spika zinatosha. Kisha someni nyuma: ikisema omu zisipungue 8, msiifungie spika za omu 4, inaweza kupata moto mpaka iungue.

Mume wangu alitaka ile ya namba kubwa. Nikaomba zote mbili ziwashwe kwa sauti ndogo, msomaji yule yule. Kwenye moja herufi zilitoka safi, hata pumzi yake tuliisikia. Nyingine ilivuma tu. Akacheka, akasema, "Haya mama, chukua yako."

Na sauti ndogo ikiwa safi, jirani naye analala kwa amani. Ana haki yake.