Saa Yake Imefika

Katekista wa kijiji huitwa mara nyingi nyumbani kwa mama anayejifungua. Lakini huitwa lini? Huitwa mambo yakiisha kuharibika, ili abatize mtoto aliye karibu kufa. Kanisa lafundisha kwamba katika hatari ya mauti mtu yeyote aweza kubatiza, mradi amwage maji, aseme maneno ya ubatizo na kukusudia lile linalokusudiwa na Kanisa. Kazi hiyo nimeifanya hapa kwetu Kavumu. Nikiisha kubatiza, huuliza: "Uchungu ulianza lini?" Nao hunijibu: "Tangu juzi, mwalimu. Tulidhani ni tumbo tu."

Kwa hiyo leo nataka kusema na wasomaji wapenzi, hasa akina baba na akina mama mkwe, juu ya dalili za uchungu. Mtu atasema haya ni mambo ya wakunga, si ya mwalimu wa dini. Lakini Bwana Yezu mwenyewe, usiku ule kabla ya mateso yake, alifananisha huzuni ya wanafunzi wake na ya mwanamke ambaye saa yake imefika (Yohane 16). Yeye hakuona haya kuutaja uchungu wa uzazi. Sisi tuone haya kwa nini?

Mimba hutimia kati ya juma la 37 na la 42. Siku za mwisho tumbo hushuka. Mama hupumua vizuri zaidi, lakini huenda haja ndogo mara kwa mara. Hilo ni tangazo tu. Pengine huja pia uchungu wa uongo: maumivu yanayokuja ovyo, yakapungua mama akinywa maji, akilala au akitembea kidogo.

Uchungu wa kweli huja kwa zamu. Mara nyingi huanza mgongoni na kuzunguka hata chini ya tumbo. Tumbo hukaza likawa gumu kama ubao, kisha hulegea. Labda baada ya dakika 15 hurudi, halafu baada ya 10, halafu baada ya 5, na kila mara hukaa zaidi na kuuma zaidi. Kupumzika hakuuondoi. Ukimshika, mama hawezi tena kuzungumza. Siku hizi simu ina saa: hesabuni tangu mwanzo wa uchungu mmoja hadi mwanzo wa ule unaofuata.

Dalili ya pili ni ute mzito wenye damu kidogo. Dalili ya tatu ni chupa kupasuka, maji yakatoka. Maji yakitoka, safari ianze hata kama hakuna maumivu, maana ugonjwa waweza sasa kuingia na kumfikia mtoto.

Mama aliye karibu na hospitali huambiwa aweza kungoja mpaka zamu ziwe za dakika 5. Shauri hilo lamfaa mtu wa mjini. Mama wa milimani, upande wa msitu wa Kahuzi, ambaye yapasa achukuliwe kwa kipoyi katika matope mpaka barabara kubwa, asingoje hivyo. Aondoke mara zamu zinapojipanga. Na yule aliyekwisha kuzaa awahi zaidi, kwa sababu mtoto wa pili na wa tatu huja upesi.

Tena yako mambo yasiyongojewa hata kidogo, mchana wala usiku: damu nyingi, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, homa, maji yenye rangi ya kijani, kitovu kutangulia, mtoto kuacha kucheza, uchungu kuanza kabla ya juma la 37. Wala msimpe mama dawa za miti za kuharakisha uchungu. Zaweza kupasua kizazi.

Basi, kama dalili zajulikana, kwa nini tunachelewa? Katika nyumba moja nilikuta mama wa mimba ya kwanza amekaa na uchungu usiku mzima na mchana mzima. Mume alikuwa safarini, na hakuna aliyethubutu kumtoa mama bila ruhusa yake. Tena wazee walikuwa wakimbana ataje mwanamume mwingine, wakisema mtoto amekataa kutoka kwa sababu ya uzinzi uliofichwa. Niliwaambia: "Wazazi wangu, maungamo ni ya padre, nayo hufanywa kwa hiari. Mifupa ya nyonga haijui dhambi. Mwiteni mwenye pikipiki." Mama alifika hospitali, akapasuliwa, akapona. Mtoto tulimzika.

Wapo wanaopona na jeraha. Kichwa cha mtoto kikikwama muda mrefu, nyama iliyobanwa kati yake na mifupa hufa, pakawa tundu, na mkojo hutoka bila kuzuiwa. Ugonjwa huo huitwa fistula. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti wa Bukavu, aliona katika hospitali ya Lemera akina mama waliofika wamechelewa, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Ulimwengu wamjua kwa kuwatibu wanawake waliotendwa jeuri vitani. Lakini kazi yake ilianzia kwenye uchungu uliocheleweshwa.

Kutoka kwetu hadi Bukavu ni kama kilometa 30, na hospitali ya Katana iko kaskazini yetu. Lakini Februari 2025, vita vilipofika uwanja wa ndege wa Kavumu na kisha Bukavu, tulijua jinsi njia iwezavyo kufungika ghafula. Kwa hiyo tujitayarishe mapema. Mama apimwe mimba na kutunza kadi yake. Baba aweke akiba kidogo kidogo tangu mwezi wa tano, na kabla ya kusafiri amtaje mbele ya watu yule atakayeamua badala yake. Nguo safi zifungwe tayari. Mwenye pikipiki na wabeba kipoyi wajulikane kwa majina.

Mtakatifu Luka aandika kwamba Maria, aliposikia habari za Elizabeti, aliondoka kwa haraka kwenda nchi ya milima, akakaa naye kama miezi mitatu. Wanashirika, kila jumuiya na ihesabu akina mama wake wenye mimba, iulize siku zao, na kuwachagulia watu wa kuwasindikiza. Mama Maria, aliyeijua haraka hiyo, atuombee.